Siku Mjomba Alipofunguliwa

Sehemu ya sita

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya bafu langu, nikivifunga vigae kumi na viwili ndani ya blanketi kuukuu. Kwa yule ambaye ndiyo kwanza anajiunga nasi, nitamweleza haraka haraka, maana mambo ya leo ni mazito.

Mimi ni mpiga kinanda. Wenzangu kwenye bendi huniita Vidole. Kiongozi wetu ni mpiga tarumbeta tunayemwita Kapteni, na Kapteni ni baba mkwe wangu. Mwimbaji wetu ni binti yake, ambaye ndiye mke wangu. Kwa hiyo nikiharibu kazini nimeharibu na nyumbani, na sina pa kukimbilia.

Bendi yetu ina sanduku refu jeusi linaloitwa Mjomba. Jina hilo alilitoa Nyundo, mpiga dramu, akisema mjomba ndiye mtu unayemwendea mambo yakikushinda. Ndani ya Mjomba kuna kinanda cha akiba. Hatupandi jukwaani bila yeye kuwa nyuma yetu. Ni sheria ya Kapteni.

Nimesema kuna kinanda? Kulikuwa na kinanda.

Kilikuwa cha mama mkwe wangu. Alikipiga kwenye bendi hii miaka ishirini na miwili, na miaka yote hiyo alimwomba mumewe wanunue cha pili. Kapteni alikuwa akimcheka. "Mwanamuziki gani anabeba vyombo viwili? Huamini vidole vyako?" Siku moja kinanda kikazima katikati ya sherehe, na Kapteni akamfokea mkewe kwenye kipaza sauti mbele ya watu mia nne. Mama akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote kimoja kimoja, akashuka. Hakurudi jukwaani wala nyumbani. Ni mwaka mmoja na nusu sasa.

Kapteni akanunua kinanda kipya na kunikalisha mimi kwenye kiti cha mkewe. Kile cha zamani akakipeleka kwa fundi, kikapona, akakifungia kwenye sanduku na kunipa ufunguo. Tangu hapo akawa mtu wa akiba kupindukia. Ana betri za akiba, nyaya za akiba, mpaka suruali ya akiba.

Miezi saba iliyopita, mama mkwe akaniambia, "Baba, niletee kinanda changu." Nikampelekea. Vigae vikachukua nafasi yake ili Mjomba asipungue uzito.

Mpaka hapo tuko pamoja. Sasa sikilizeni yaliyonikuta.

*

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, kwenye ukumbi wa harusi. Shangazi wa bibi harusi alitupokea mlangoni akiwa na karatasi mkono huu na viatu vyake mkono ule, miguu imemvimba na bado sherehe haijaanza.

"Nyinyi ndio bendi?"

"Ndio sisi, mama," Kapteni akajibu.

"Nisikilizeni. Harusi ya dada yake, muziki ulizima binti akiwa katikati ya ukumbi. Alisimama pale dakika ishirini kama mtu aliyesahau anakokwenda. Mpaka leo ananilaumu mimi. Mna vifaa vya akiba?"

Kapteni alikwenda kwa Mjomba, akampiga makofi mawili mgongoni.

"Huyu hapa. Mimi sipandi jukwaani na kitu kimoja kimoja."

"Anaonekana mzito."

"Wee mama, acha tu!" Nyundo akadakia, kajishika kiuno. "Tangu mwaka huu uanze kaongezeka. Sijui humo ndani anakula nini."

Mke wangu akashikwa na kikohozi. Yeye habari za vigae alikuwa nazo. Vilitoka kwenye bafu letu, angekosaje kuwa nazo?

Tukapanga vyombo. Jukwaa lenyewe lilikuwa dogo. Mimi nikasukumwa kwenye kona: kushoto ukuta, kulia dramu za Nyundo, mbele spika kubwa kunizidi, na nyuma Mjomba, ambaye walimsimamisha kuziba kamlango ka pembeni. Ukishaingia kwenye kona ile, hutoki mpaka watu watatu wasogee.

Kapteni akapita akikusanya simu. Hiyo ni sheria yake nyingine. Kabla ya kazi, simu za wote huwekwa kwenye mfuko wa kinanda changu, maana una zipu tatu, na mimi ndiye ninayezizima moja moja. Simu ya mtu ikilia jukwaani, atafunga vyombo vyote peke yake.

"Zote zimezimwa?" akaniuliza.

"Zote, baba."

Sheria hiyo ya simu, msomaji, usiisahau.

Bibi harusi alikuwa ameomba aingie kwa wimbo wetu wa zamani, ule ambao mama mkwe aliutunga alipokuwa na mimba ya mke wangu. Unaanza kwa kinanda peke yake. Mkono wa kulia unauliza, kisha mkono wa kushoto unaingia chini kabisa na kujibu. Tarumbeta haiwezi kuuanza. Besi haiwezi. Watu wazima wengi pale ukumbini walioana kwa wimbo huo, na walikuja kuusikia.

Tukaanza na nyimbo za kuwachangamsha wageni. Mambo yakawa safi. Kisha umeme ukakatika.

"Msiwe na wasiwasi!" mlinzi wa ukumbi akapiga kelele. "Nawasha jenereta!"

Akawasha. Taa zikarudi zikiwa kali mno, tukafumba macho. Kinanda changu kikatoa mlio kama wa panya aliyekanyagwa, na harufu ya plastiki inayoungua ikanijaa puani.

Nikabonyeza swichi. Kimya.

Kapteni akaleta adapta ya akiba. Kimya. Akaleta waya wa akiba. Kimya. Akaleta soketi ya akiba, akachomeka upande mwingine wa jukwaa. Kinanda kilikuwa kimekufa, na moshi mwembamba ukawa unatokea katikati ya vibao.

Watu wamewahi kuniuliza kama mwanamuziki anapaswa kumiliki vifaa vya akiba. Siku hizi huwajibu: ndiyo, tena avifungue avitazame kila wiki. Sisi tulikuwa na akiba iliyobebwa kila Jumamosi, ikapandishwa ngazi, ikafutwa vumbi, ikapigwa makofi ya upendo, na hata siku moja haikuwashwa.

Shangazi akaja mbio, bado viatu mkononi.

"Bibi harusi yuko getini!"

"Mwambieni dereva azunguke mtaa," Kapteni akasema bila kutetereka. Kisha akanigeukia na kutamka neno ambalo nilikuwa nimeliogopa miezi saba. "Mjomba."

"Baba," nikasema, "kwa nini asiingie kwa tarumbeta tu? Wewe ukiipuliza taratibu..."

"Wimbo una kinanda."

"Au mama watoto aimbe bila ala. Sauti yake..."

"Mkwe. Mjomba."

Nikajipapasa mifuko, wa kulia, wa kushoto, wa nyuma. Nilijipapasa vizuri sana, hata mimi mwenyewe karibu niamini.

"Baba, ufunguo nimeusahau nyumbani."

Mke wangu akafumba macho. Nyundo akaweka fimbo zake chini. Kapteni hakukasirika hata kidogo. Aliingiza vidole kwenye ukosi wa shati lake, akavuta uzi mweusi, na mwisho wa uzi ule ukaning'inia ufunguo mdogo wa kufuli.

"Mtu anayesema kila kitu kiwe na cha akiba," akasema, "atakuwa na ufunguo mmoja?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Ila si hapa," akaendelea. "Mpelekeni chumba cha nyuma. Nitamfungua mwenyewe."

Sote tulijua kwa nini. Tangu mkewe aondoke hakuwahi kukitazama kinanda kile mbele ya watu. Nyundo na mpiga besi wakamnyanyua Mjomba huku wakiguna. Kona yangu ikafunguka upande wa nyuma, nikachomoa simu yangu kwenye mfuko.

"Naenda haja," nikamwambia mke wangu.

Akanielewa bila maelezo. Akachukua kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, sasa ni zamu ya viganja vyenu!" Akaanza kuimba bila ala, na wageni wakaitikia kwa makofi. Mwanamke yule ananipenda kuliko ninavyostahili, na mkifika mwisho wa sehemu hii mtaona kwamba sisemi hivyo kujinyenyekeza.

*

Nilijifungia chooni nikapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona unanong'ona?"

"Niko chooni, mama."

"Ukaona huko ndiko pa kumpigia mkweo?"

"Mama, kinanda kimeungua. Kapteni ana ufunguo wa pili wa sanduku."

Nikasikia anacheka. Kicheko chake siku hizi kina mkwaruzo kidogo upande mmoja, lakini bado ni kicheko kamili.

"Mwanaume huyo! Miaka ishirini na miwili namwomba kitu cha pili, na cha pili alichokuja kununua ni ufunguo."

"Mama, naomba kinanda kije. Jirani akipakie kwenye teksi. Ni dakika kumi tu kutoka hapo kwako. Nitakipokea mlango wa nyuma."

"Kitakuja."

"Ahsante, mama. Mungu akubariki. Sasa jirani amwambie dereva..."

"Tutakuja nacho."

"Nani na nani, mama?"

"Mimi na jirani. Yeye abebe, mimi nikae mbele."

"Hapana, mama! Kapteni yuko hapa!"

"Najua yuko hapo. Kwani mimi nilimkimbia? Niliondoka kwa miguu yangu, mchana, watu wananiona. Yeye ndiye asiyepokea simu zangu hata nikiwa nakufa."

Hapo palikuwa pa kusema neno. Nilikuwa nalo, liko mdomoni kabisa. Nikalimeza.

"Nakuja, baba," akasema, na simu ikakatika.

Nikaliangalia dirisha la choo kwa jicho la mtu anayepima. Lingenitosha, kama lisingekuwa na nondo.

Mlango ukagongwa. "Vidole!" Ilikuwa sauti ya Nyundo. "Kapteni anakuita. Umezama humo?"

*

Chumba cha nyuma hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na viti vya plastiki vilivyopangwa mpaka darini, kioo kilichovunjika kona, ndoo na fagio la maji. Mjomba alilazwa katikati ya sakafu. Kapteni alimtoa Nyundo nje, akafunga mlango kwa ufunguo na kuuacha kwenye tundu.

"Sitaki mtu aingie," akasema. "Kaa."

Nikakaa juu ya kreti tupu ya soda. Ukutani ilisikika sauti ya mke wangu, sasa yuko wimbo wa tatu, na makofi ya wageni yalikuwa yameanza kuchoka.

Kapteni akapiga magoti. Akafungua kufuli, akalitundika mahali pake kwa adabu, akainua kifuniko. Akakunjua blanketi upande huu, akakunjua upande ule.

Vigae vya bluu, vyenye maua meupe.

Nilingoja anirukie. Nilingoja anipige na tarumbeta. Alibaki amepiga magoti vilevile.

"Kumi na viwili," akasema.

Hakuwa amevihesabu.

"Baba, naomba nikueleze..."

"Cha nne kina ufa." Akainua vitatu vya juu, akakitoa cha nne na kunionyesha. Kweli kilikuwa na ufa. "Kilinidondoka mimi. Usije ukadhani ni Nyundo."

"Ulikuwa unajua?"

"Miezi minne. Ile siku ya kukumbuka ndoa yetu, nilitaka nikiguse kidogo tu, hata nisikiwashe. Nimefungua nakuta bafu lako." Akatikisa kichwa. "Vigae vyenyewe nilikusindikiza mimi kuvichagua."

"Miezi minne! Kila Jumamosi unampiga makofi, unawaambia watu Mjomba yupo?"

"Ningewaambia nini?"

"Kwa nini hukuniuliza, baba?"

"Ningekuuliza kiko wapi, ungenijibu. Na ukishanijibu, ingebidi niende huko kilipo." Akakirudisha kile kigae taratibu, asikivunje zaidi. "Nilikaa nikawaza, nikasema, aliyekitoa hakukitupa. Kwa hiyo kiko mahali. Nikaona bora nibebe vigae."

Mwenzenu nilitazamia kutukanwa. Nilichopewa kilinichoma kuliko matusi. Yule mzee alikuwa amebeba vigae vyangu miezi minne kwa makusudi, akijua ni vigae, ili tu asilazimike kumpigia mkewe magoti.

Akauliza huku anakiangalia kifuniko. "Anapiga?"

"Anapiga, baba. Kila asubuhi. Ule mkono wa kulia umerudi vizuri kabisa."

Lilinitoka kabla sijalifikiria. Nikaona mabega yake yanasimama.

"Umerudi kutoka wapi?"

Nikatazama mlango. Nikatazama viti. Hakuna pa kwenda.

"Mkwe. Mkono wa mke wangu umerudi kutoka wapi? Na wa kushoto?"

Basi nikamwambia. Kwamba miezi tisa iliyopita mama alipatwa na kiharusi, jikoni kwake, akiwa peke yake. Kwamba jirani alimkuta jioni. Kwamba alilala hospitali siku kumi na sita, kwamba anatembea na fimbo, kwamba mkono wa kushoto bado haujapata nguvu, na mazoezi ya vidole ndiyo yaliyomfanya aombe kinanda chake.

Kapteni akakaa juu ya Mjomba kwa uzito wake wote. Vigae vikalia. Nimemjua miaka tisa na sikuwahi kumwona mzee. Pale chumbani alizeeka mbele ya macho yangu.

"Binti yangu anajua?"

"Anajua."

"Kumbe ndiyo maana." Akapangusa uso kwa kiganja. "Miezi tisa hanisemeshi ila tukiwa tunaimba. Nikafikiri ni uchovu. Miezi tisa mnanificha?"

"Mama alikataza."

"Alikataza kwa nini?"

Kabla sijajibu, wimbo ukumbini ulikatika katikati. Watu wakanong'ona, viti vikaburutwa. Halafu kikasikika kinanda.

Hakuna kinanda kingine chenye sauti ile. Kibao kimoja cha juu kina mtetemo ambao fundi alishindwa kuuondoa. Ulikuwa mwanzo wa wimbo wa bibi harusi. Mkono wa kulia peke yake ukauliza swali lake, ukafika pale mkono wa kushoto unapotakiwa kujibu, ukasimama. Ukaanza upya. Ukasimama palepale.

Kapteni alikuwa ameinuka.

"Ni yeye."

"Ni yeye, baba."

Mlango ukagongwa kwa ngumi. "Baba! Fungua! Mama yuko jukwaani!" Ilikuwa sauti ya mke wangu. "Amekaa kwenye kinanda mbele ya watu wote na hataki kushuka! Bibi harusi yuko mlangoni, shangazi yake analia! Mume wangu, njoo umpigie mkono wa kushoto!"

Niliruka kutoka kwenye kreti. Kapteni alinitangulia mlangoni, akaushika ufunguo. Nikashusha pumzi. Ila hakuuzungusha.

"Alikataza kwa nini?"

"Baba, fungua kwanza, tutaongea..."

"Tutaongea sasa. Nimekaa na watu wanaonificha miezi tisa. Dakika moja zaidi, bibi harusi atanisamehe." Sauti yake ilikuwa ya chini, na ndiyo iliyonitisha. "Mke wangu ameanguka jikoni. Miaka ishirini na miwili nimelala naye kitanda kimoja. Namba yangu anaijua kwa kichwa. Hata kama alinichukia, angenipigia. Kwa nini hakunipigia simu?"

Wasomaji wangu, wiki sita nimewaeleza mengi. Nimewaeleza vigae, nimewaeleza ufunguo, na nimejisema vibaya mpaka wengine mmenihurumia. Kuna jambo moja nililiruka kila wiki.

Jumamosi ile ya miezi tisa iliyopita tulikuwa tunapanda jukwaani. Simu zilikuwa kwenye mfuko wangu, nazizima moja moja. Ya Kapteni ilikuwa bado haijazimwa ikaanza kuwaka. Kwenye kioo chake palikuwa pameandikwa "Nyumbani". Mke kaondoka miezi tisa, na mtu bado amemwandika Nyumbani.

Nilijua ni nani. Nikawaza, akipokea hii watagombana, na mimi nitapiga masaa matatu kando ya tarumbeta yenye hasira. Nikaikata. Ikawaka tena. Nikaikata, nikaizima kabisa. Baada ya kazi, kabla sijamrudishia, nikafuta simu zote mbili ili asiulize kwa nini sikumpa.

Kesho yake tukapata habari. Mama akasema kwa mdomo uliopinda, "Nilimpigia mume wangu, akanikatia." Akakataza asiambiwe kitu. Mke wangu akaapa hatamsemesha baba yake nje ya nyimbo. Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda, nikanyamaza. Mama aliponiomba kinanda ningekataaje? Hata angeniomba nyumba ningempa.

Huko ukumbini kinanda kikaanza kwa mara ya tatu. Mlangoni ngumi zikaacha kugonga. Nikajua mke wangu ametega sikio.

"Nimekuuliza," Kapteni akasema.

Ukuta kushoto, viti kulia, Mjomba nyuma yangu.

"Alikupigia, baba," nikasema. "Mara mbili."

"Nani? Mimi?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli, mshangao wa mtu asiye na hatia. "Wallahi sikuiona simu yake. Hata moja!"

Mkono wa kulia ukafika pale unapofikaga, ukasimama. Ukumbi mzima ukawa kimya. Na katika kimya hicho, mke wangu akauliza kutoka upande wa pili wa mlango, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Mume wangu. Siku ile, simu za watu wote zilikuwa kwa nani?"

Kapteni akauchomoa ufunguo kwenye tundu, akautia mfukoni.